Kwa Nini Fundi wa Vuamba Huulizwa Kwanza Kilichoharibika

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye usingizi asogee nyuma asije akawaangukia wenzake. Haya hayamo vitabuni. Hata aliyesoma sana akae chini kama sisi asikilize.

Zamani, huko milima ya Vuamba, ilikuwa mwiko kumuuliza fundi habari za kazi yake. Mfinyanzi akitoa chungu kizuri, watu walipiga makofi wakaenda zao. Mganga akigundua mzizi wa kutuliza homa, makofi hayo hayo. Kuuliza alifanyaje kulihesabiwa wizi, sawa na kuingiza mkono ghalani mwa mtu. Kwa hiyo mafundi walikuwa mabubu kuhusu kazi zao, ingawa kwa kujisifu walikuwa na midomo ya kutosha.

Aliyewazidi wote kwa majigambo ni mhunzi Senzighe. Majembe yake, kama ya wahunzi wote wa siku hizo, yalikatika yakigusa jiwe, na Vuamba mawe ni mengi kuliko udongo. Jembe lilifuliwa, kisha likatumbukizwa majini lingali jekundu, likalia chwaaa. Wateja waliipenda sauti ile kuliko jembe lenyewe. Mwaka mmoja akatoa jembe lisilokatika. Liligonga jiwe, likapinda kidogo, likanyooshwa, likaendelea kulima. Watu walivuka bonde kuja kulitazama. Senzighe akavimba kichwa, akasema marehemu babu yake alimtokea ndotoni akamnong'oneza siri. Na kwa kuwa ulimi wake haukuwa na breki, akauahidi mlima mzima majembe ya namna ile kabla ya vuli.

Akafua, yakakatika. Akabadilisha mkaa, yakakatika. Akamchinjia babu mbuzi. Babu akanyamaza, mbuzi akaliwa. Wazee wakatuma neno kwamba mvua ikinyesha watu hawana cha kulimia, moto wa banda lake utazimwa naye atahama na mkewe. Mtu aliyezoea kutembea katikati ya njia akaanza kupita kandokando. Kilichomnyima raha hasa si wazee. Ile habari ya ndoto alikuwa ameisimulia mara nyingi mno, hata siku yenyewe ilivyokuwa ikamtoka akilini.

Ndipo akaja Nanzia mfinyanzi, dada wa mkewe. Hakupiga makofi. Alikaa chini katikati ya vipande vya majembe, akakiokota kimoja, akapitisha kidole palipokatika.

"Shemeji, habari za babu nimezichoka," akasema. "Siku ile uliharibu nini?"

Senzighe akamkumbusha mwiko. Nanzia akamjibu kwamba basi aanze kufunga mizigo, na mkewe atamsaidia, maana kwa kufunga mizigo hana mpinzani. Mhunzi akacheka bila kutaka. Nanzia hakumharakisha. Akamwambia kwamba vyungu vyake vilivyopasuka ndivyo vilivyomfundisha kufinyanga, ila hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Kisha akauliza pole pole, kitu kimoja kimoja: mkaa ulikuwa wa mti gani, mivukuto ilivutwa na nani, jembe lilikaa majini muda gani.

Hapo Senzighe akatazama miguu yake.

"Sikulitia majini."

"Kwa nini?"

"Mama yenu alipita. Nami kiunoni nilikuwa na kipande cha ngozi tu, tena cha mbele."

Mnajua mkwe wa kiume wa Vuamba hukimbia akimwona mama mkwe, hata akiwa amevaa vizuri. Senzighe alilizika jembe kwenye jivu la moto, akatokea nyuma ya banda, akajificha migombani. Mama naye akapata wa kuzungumza naye, akakaa hadi jioni. Kesho yake mhunzi alilifukua jembe likiwa limepoa, akalinoa, na aibu ile akaifunika kwa babu.

Nanzia alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akatulia, akakitazama tena kile kipande.

"Basi babu yako ni mama yangu," akasema. "Hata vyungu vyangu nikivipoza haraka hupasuka."

Senzighe akafua jembe jipya, akalizika jivuni, akajizuia kulifukua mapema, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko kufua. Lilipopoa aliligonga kwenye jiwe mbele ya wazee. Likapinda, halikukatika. Mzee mmoja akauliza babu amesema nini safari hii. Senzighe alifungua mdomo, na uongo ulikuwa tayari umekaa ulimini. Lakini alishaonja kukipoteza kitu kilichokuwa chake mwenyewe kwa uongo kama huo. Akawasimulia yote, ngozi ya mbele na migomba pia. Mlima ulicheka siku nyingi, na mama mkwe akatuma ngozi ya ng'ombe mzima.

Na tangu siku hiyo, ukifika kwa fundi wa Vuamba, awe wa chuma, wa udongo au wa dawa, sifa huwekwa kando kwanza. Unakaa chini, unauliza kipi kimeharibika, naye lazima akionyeshe na akisimulie, aibu yake ndani. Na fundi anayejibu kwamba kwake hakijaharibika kitu, wageni hunyanyuka, wakakung'uta vumbi, wakamwachia banda lake.