Giaboksi ya Tatu

Ndugu zangu, kisa hiki nilitumiwa na shemeji yangu asubuhi, chai ikapoa nikiwa nasoma. Nimeona nisibaki nacho peke yangu. Kisomeni, kisha mpeni na mwingine.

Huko Tukuyu, kwenye milima na mvua nyingi, aliishi fundi seremala aitwaye Ambakisye. Mkewe aliitwa Tusekile. Walikuwa na pikapu kuukuu ya gia za mkono, ambayo Tusekile aliachiwa na baba yake. Tangu usichana wake alikuwa akiiendesha. Alipeleka ndizi sokoni, akarudi na mbolea, na kila mwezi alimpeleka kliniki mama yake mzazi, mgonjwa wa sukari aliyeishi nao.

Ambakisye alijifunza kuendesha ukubwani, baada ya kuoa. Alipopata leseni, naye akawa anaichukua pikapu kubebea mbao.

Haukupita muda mrefu, pikapu ikaanza kulia kila ilipoingizwa gia ya tatu. Baadaye gia ikawa inachomoka yenyewe mlimani. Mwisho giaboksi ikafa kabisa.

Ambakisye hakuwa na shaka kosa ni la nani. Alilisema karakanani mbele ya wateja, na Jumapili akalisema tena mbele ya kaka zake Tusekile walipokuja kula.

"Dada yenu anaingiza gia kama anasonga ugali. Giaboksi gani itavumilia?"

Watu wakacheka. Tusekile akatabasamu kidogo, akakusanya vyombo, akaenda jikoni.

Giaboksi mpya ya gari la zamani namna ile haipatikani, kwa hiyo Ambakisye alikwenda Mbeya mjini kwa Mzee Sanga, muuza spea za mtumba. Mzee huyu hakuwa mtu wa haraka. Kabla ya kukuuzia giaboksi, alitaka kwanza umletee ile iliyokufa aifungue.

Ambakisye akampelekea, naye akaifungua. Oili ikatoka na chenga za chuma. Akachomoa uma mdogo wa chuma, ule unaosukuma gia, akautazama juani.

"Umelika upande mmoja," alisema. "Anayeendesha ni nani?"

"Mke wangu."

"Peke yake?"

"Na mimi pia. Lakini mharibifu ni yeye."

Mzee Sanga akauweka uma kando. Alimtafutia giaboksi nzuri, akazungusha shafti yake kwa mkono ili aone inavyoteleza bila kukwama, akamfungulia kifuniko aone meno. Ambakisye akaridhika, akaibeba.

Siku pikapu ilipotembea tena, Ambakisye alitia mfukoni mwake funguo zote mbili, wa kila siku na wa akiba.

"Mama Lusajo, kuanzia leo gari hili usiliguse. Nimehangaika sana kuipata hii giaboksi."

"Na mama kliniki?"

"Nitawapeleka mimi nikipata nafasi."

Nafasi ilikuwa adimu. Mbao hazikuisha. Basi Tusekile akawa anampakia mama yake kwenye pikipiki ya kukodi, amemfunika nailoni, na yeye anakaa nyuma akimshikilia asianguke. Siku moja Ambakisye aliwapita barabarani, mvua inamwagika. Pikapu ilikuwa imejaa mbao nyuma, na vifaa vyake vimejaa kwenye kiti. Alimwona mama mkwe wake amefumba macho chini ya ile nailoni, maji yanamchuruzika usoni. Hakusimama. Alijiambia kwamba mlima ni mkali, akisimama gari litarudi nyuma.

Jioni ile hakuligusia jambo hilo. Tusekile naye hakuligusia.

Kabla mvua hazijakatika, ile kelele ya gia ya tatu ikarudi.

Ambakisye alisimamisha gari pembeni, akapapasa mfuko wake. Ufunguo wa akiba ulikuwamo. Mkewe hakuwa ameligusa gari hata siku moja. Akatafuta wa kumlaumu, na aliyemkumbuka ni Mzee Sanga. Giaboksi ilipokufa, aliichomoa garini, akaipakia kwenye basi, akaenda nayo Mbeya akiwa amevimba kwa hasira.

"Shikamoo, mzee. Umeniuzia takataka."

"Marahaba, fundi. Tuitazame hiyo takataka."

Mzee Sanga akaifungua palepale. Akachomoa uma, akaufuta mafuta, akauweka kwenye kiganja cha Ambakisye.

"Umelika upande uleule wa siku ile. Giaboksi mbili zimekufa ugonjwa mmoja. Mkeo bado anaendesha?"

"Hapana. Nilimkataza."

"Sasa nani anaendesha?"

Ambakisye akautazama ule uma kiganjani mwake.

"Mimi."

Mzee Sanga akafuta mikono yake kwa kitambaa. "Chukua gari langu lile. Nipeleke hadi kituo cha mafuta, kisha tugeuze."

Wakaenda, wakarudi, mzee akizungumzia bei ya viazi tu. Walipokaribia uani ndipo alipouliza:

"Fundi, mkono wako wa kushoto uko wapi?"

Ambakisye akatazama chini. Mkono ulikuwa juu ya mkono wa gia.

"Umekaa hapo tangu tulipoondoka," alisema mzee. "Wewe unaona umeupumzisha. Kumbe uzito wake wote unaukandamiza ule uma, na uma unakwenda unasagika. Ukifanya hivyo miezi, hakuna giaboksi itakayopona."

Ambakisye alizima gari. Aliikumbuka ile nailoni, na yale maji usoni mwa mama mkwe wake.

"Niuzie nyingine, mzee. Mkono nitauangalia."

"Ninayo moja, safi kabisa. Lakini wewe sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Huyo mama ameendesha gari hilo miaka na miaka, halikumsumbua. Njoo naye. Nitamuuzia yeye."

Ambakisye akatoka amechukia. Wauza spea Mbeya ni wengi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka jingine, akaingia akauliza. Giaboksi ya pikapu yake ilikuwepo. Angeweza kuinunua pale pale, akarudi nyumbani, akasema ile ya Mzee Sanga ilikuwa mbovu, na hakuna ambaye angejua.

Muuzaji akamwuliza, "Nikufungie?"

Ambakisye aliishika, akaigeuza, akairudisha mahali pake.

"Hapana. Nitarudi na mwenye gari."

Alipofika nyumbani alimkuta Tusekile anamenya ndizi. Akavuta kigoda, akakaa, akamweleza yote: uma, mkono, na duka la ng'ambo. Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho, kisu kikiendelea na kazi yake.

"Huo mkono nilikuwa naujua, Baba Lusajo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisema mwanamume hafundishwi gari na mkewe."

Ambakisye alikumbuka. Ni kweli alisema hivyo, na alicheka alipokuwa akisema.

"Nisamehe," alisema. "Nilikuchafulia jina, na nikamwacha mama yako anyeshewe mvua."

"Mimi nimesikia. Lakini kaka zangu hawapo hapa, na mama yuko chumbani."

Ambakisye akainuka, akaenda chumbani kwa mama mkwe wake, akapiga magoti. Jumapili iliyofuata, shemeji zake walipokuja kula, alisimama kabla chakula hakijapakuliwa, akawaambia kwamba aliyeua giaboksi zote mbili ni yeye. Safari hii hakuna aliyecheka. Shemeji mkubwa akasema tu, "Kaa tule, shemeji."

Mume na mke wakaenda Mbeya pamoja. Mzee Sanga akamwonyesha Tusekile ile giaboksi. Tusekile akazungusha shafti, akainamisha sikio, akazungusha tena. "Nimeipenda," akasema, nao wakaibeba.

Ilipofungwa, Ambakisye alimkabidhi mkewe funguo zote mbili. Moyoni alijua usukani ndio kwaheri, na aliona ni haki. Siku ya kliniki akakaa pembeni kama abiria, mama mkwe katikati, Tusekile akaendesha. Gia ziliingia kimya, hata mlimani.

Wakati wa kurudi, walipofika kwenye tambarare ya mashamba ya chai, Tusekile akasimamisha gari. Akashuka, akazunguka mbele, akafungua mlango wa Ambakisye.

"Pita kule, uendeshe."

"Mimi? Na yote yaliyotokea?"

"Nikikunyima gari, utajifunza wapi? Mikono yote kwenye usukani. Gia utaishika nikikuambia."

Ambakisye alishuka. Alizunguka, akakaa, akashika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Mama mkwe akafunga khanga yake vizuri kiunoni.

"Endesha, mwanangu," alisema. "Ila polepole. Dawa zangu ni za mwezi mzima, nataka nizimalize."

Wote watatu wakacheka, na gari likaondoka.

Funzo: Kabla hujamtaja aliyeharibu, chunguza kwanza mkono wako mwenyewe. Na siku mwenzako atakapokiri kosa lake, usimfungie mlango kama alivyokufungia wewe. Kaa naye karibu, umfundishe.