Picha Tatu za Kifutio

Mficha uchi hazai. Watu wengi huisema methali hii wakiwa wameinamisha macho, kwa sababu ya lile neno lililokaa katikati yake. Mama yake Kifutio hakuwa na haya hiyo. Alikuwa mkunga katika wodi ya wazazi, na kwake maneno hayo hayakuwa fumbo. Yalikuwa kazi ya kila siku. "Mtu anakuja kujifungua, halafu anabana miguu eti ananionea aibu," alizoea kusema akivua viatu mlangoni. "Sasa huyo mtoto nimpokee kupitia wapi? Dirishani?" Kisha alicheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Maana yake si ngumu. Anayeficha shida yake mbele ya mtu awezaye kumsaidia, hujinyima msaada kwa mikono yake mwenyewe. Kifutio aliisikia methali hiyo tangu utotoni, akaizoea kama mlio wa bawaba za mlango wa kwao. Na jambo likishazoeleka, sikio hulipita tu.

Jina la Kifutio alipewa na mjomba wake, mwenye studio ya picha. Studio ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na kigoda cha kuzunguka, taa mbili zenye miavuli myeupe, na kitambaa cha kijivu kilichoning'inizwa ukutani. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza, kompyuta, mashine ya kuchapia na dirisha dogo la kupitishia bahasha. Humo ndimo binti huyo alimoketi kutwa akisafisha nyuso za watu. Picha za vitambulisho hakuzigusa, kwani sheria hairuhusu. Lakini za harusi, za mahafali na za kutundikwa ukutani zilipita mikononi mwake, na chunusi zilitoweka, uvimbe wa macho ukashuka, paji la uso likaacha kung'aa. Alama ya kuzaliwa hakuifuta kamwe. "Hiyo ni ya mwenyewe," alisema. Wateja waliondoka wakijitazama na kujipenda upya.

Kilichomsikitisha ni kwamba uso wake mwenyewe haukuwa na kompyuta. Chunusi zilimwanza akiwa shuleni, zikamng'ang'ania hata baada ya shule kwisha. Alizikamua kwa kucha. Alizipaka ndimu, akazipaka dawa ya meno, akazipaka kila alichoambiwa na kila aliyefungua mdomo. Mwishowe alinunua kwa mchuuzi mmoja kikopo cha mafuta kisicho na maandishi yoyote, na hayo yalimtuliza kwa siku chache kila alipoyapaka, kisha mambo yakarudi kwa kishindo. Alipotimiza umri wa kuitwa dada mkubwa, mashavu yake yalikuwa na vishimo, na taya lake lilikuwa na madoa meusi yaliyopandana. Alivaa barakoa mwaka mzima akisingizia vumbi. Wateja wa studio walizijua kucha zake, maana ndizo zilizotokeza dirishani na bahasha. Uso hawakuujua.

Siku moja Mjomba aliingia chumba cha nyuma, akajiegemeza kwenye mashine ya kuchapia.

"Mpwa wangu, nafungua studio ya pili. Hii nataka nikuachie wewe."

"Mimi? Nisafishe picha peke yangu?"

"Upige picha! Ukae mbele, upokee watu, uwaambie inua kidevu, teremsha bega. Unadhani sijakuona ukiichezea kamera yangu nikienda kula?"

Moyo wa Kifutio ulimlipuka paa. Hakuna kitu duniani alichokitamani kama kamera ile. Alikuwa akiwatazama wateja kupitia tundu la dirisha na kujua, kabla ya Mjomba, ni upande gani wa uso wao uliotaka kupigwa. Lakini mpiga picha humkaribia mtu mpaka pumzi zikakutana. Humshika kidevu, humtazama usoni, naye hutazamwa.

"Nipe muda kidogo, Mjomba. Nipone kwanza uso."

Mjomba alijikuna kisogo. Alikuwa mtu mpole, ila biashara ni biashara. "Nahama siku ya mahafali ya shule ya hapo juu. Siku hiyo wanafunzi watajaa hapa. Nikikuta kamera haina mtu, nitamwita yule fundi wa mtaa wa pili. Nisamehe, lakini studio haiwezi kukusubiri uwe malaika."

Jioni hiyo Kifutio alimwambia mama yake, na mama hakulaza damu. Pale hospitalini kwao palikuwa na daktari wa ngozi aliyekuja kwa zamu. Kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi, aliwataka kwanza wamtumie picha kwa simu. Wenye shida kubwa aliwaita, na wenye shida ndogo aliwaandikia dawa wakachukue dirisha la dawa. Masharti yake yalikuwa mepesi: picha tatu, ya mbele na za pande mbili, karibu na dirisha, uso ukiwa haujapakwa kitu. Pia mtu aeleze kila alichowahi kupaka.

Kifutio alijipiga picha zile, na zilikuwa nzuri kama kazi zake zote. Zilikuwa na mwanga safi, tena kila kishimo kilionekana. Alipozifungua kwenye kompyuta ya studio, alishtuka. Hakuwahi kujitazama kwa ukubwa ule. Aliwaza jinsi daktari yule, mtu aliyefanya kazi jengo moja na mama yake, angezifungua mbele ya wauguzi. Akasema moyoni, nirekebishe mwanga tu. Akarekebisha mwanga. Kisha akaona chunusi moja puani ambayo kwa vyovyote ingepona kesho, akaitoa. Mazoea yana taabu! Mkono ulioanza na chunusi moja ukateremka shavuni, ukajaza vishimo, ukapunguza madoa. Alipoinua kichwa, aliyemtazama kwenye kioo cha kompyuta alikuwa msichana mwenye madoadoa mawili matatu ya kupendeza. Huyo ndiye aliyetumwa kwa daktari. Na alipoulizwa amepaka nini, aliandika, "Sabuni ya kawaida tu." Kikopo kile aliona fedheha kukitaja.

Jibu lilikuja upesi. Daktari aliandika kwamba hayo ni madoa tu, si makovu, asiwe na hofu. Apake dawa fulani usiku ili ngozi ijibadilishe taratibu, na mchana ajikinge na jua. Hakuna haja ya kuja.

Mama alifurahi. Kifutio naye alijilazimisha kufurahi. Alianza dawa ile huku akiendelea na mafuta yake ya kikopo asubuhi, maana alishindwa kuyaacha. Haikuchukua muda ngozi ikaja juu. Uso ulimwasha kama umepakwa pilipili, ukawa mwekundu, ukabambuka magamba, na mahali palipobambuka pakaacha weusi mpya. Zile chunusi ambazo daktari hakuonyeshwa zikavimba zaidi. Maji yalikuwa yamezidi unga, na mahafali yalikuwa yamekaribia. Alijifungia chumbani, akamtumia Mjomba ujumbe kwamba ana homa.

Mama yake aligonga mlango. Hakuitikiwa, akaufungua kwa bega, maana mkunga hajui kusubiri mlango. Alipoona uso wa mwanawe, bashasha yote ilimtoka. Aliketi kitandani.

"Dawa ya daktari ndiyo imekufanya hivi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kesho atanieleza! Alikuonaje, mpaka akakupa dawa ya kukubabua?"

 Kifutio angeweza kuuacha mzigo ule ubaki mabegani mwa daktari, na hakuna ambaye angejua. Lakini alimwona mama yake keshaanza kupandwa na hasira kwa ajili yake, akashindwa.

"Mama, hakuniona mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Alimwona niliyemtengeneza."

Akasimulia yote.  Alipomaliza, Mama hakumgombeza. Alimvuta akamlaza begani, akamfuta machozi kwa kugusagusa tu ili asimuumize.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "miaka yote nawacheka wanawake wanaobana miguu, kumbe mmoja nimemzaa mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, ingawa kwa Kifutio kucheka kuliuma mashavu.

Asubuhi walikwenda hospitalini. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimtazama Kifutio, akaitazama simu yake, akaiweka simu kando ya uso wa binti na kulinganisha.

"Huyu wa kwenye simu nilimtibu vizuri sana," alisema. "Amepona kabisa, maana hakuwahi kuugua. Wewe je, ni nani?"

Kifutio alitamani ardhi ipasuke. Lakini sauti ya daktari haikuwa na kebehi, na macho yake yalikuwa yakitabasamu. "Nawa uso pale kwenye beseni, mdogo wangu. Kisha shika taa hii, unimulikie."

Alinawa. Akaishika taa ile ndogo ya meza. Hapa ndipo alipositasita, kwani hakuna aliyejua siri ya taa kuliko yeye. Taa ikimulika kwa mbele, uso husawazika na vishimo hujaa nuru vikapotea. Ndivyo walivyowapiga maharusi. Taa ikishushwa ubavuni, kila kishimo hutupa kivuli chake na hakuna kinachojificha. Angeweza kuishika mbele.  Akajikaza, akaishusha mpaka usawa wa sikio, akageuza shavu.

"Ahsante," daktari alisema kwa upole. "Sasa naona."

Kifutio akafungua mkoba, akatoa kile kikopo, akakiweka mezani bila kuulizwa. Daktari alikinusa na kutikisa kichwa. "Huyu ndiye adui wetu mkubwa. Mafuta kama haya mara nyingi hutiwa dawa kali ya kutuliza ngozi. Yanakufurahisha leo, huku yanaikondesha ngozi. Dawa yangu ilikuwa ya ngozi yenye afya, wewe ukaimwaga juu ya ngozi iliyochoka. Tutayaacha kwa utaratibu nitakaokupa, usikurupuke."

Kisha akamweleza, akimgusa shavu kwa ncha ya kidole. Kwanza zilikuwapo chunusi zilizo hai. Hizo lazima zitulizwe mwanzo, la sivyo watakuwa wanapiga deki huku paa linavuja. Madoa meusi ni rangi iliyoachwa na chunusi, nayo hufifia polepole mtu akijikinga na jua na akiacha kujikamua. Vishimo ndivyo makovu yenyewe, mahali ambapo ngozi imeharibika kwa ndani, pengine imeshikwa na nyuzi zinazoivuta chini. "Hivyo havijazwi kwa kupaka. Ngozi ikishatulia tutaichokoa kwa sindano ndogondogo ili ijijenge upya, na pale iliposhikwa tutaziachanisha zile nyuzi. Itachukua miezi mingi. Na sikudanganyi, hautakuwa uso wa kompyuta. Vitapungua, havitafutika vyote."

"Mahafali ni wiki hii, Daktari," Kifutio alisema kwa sauti ndogo.

"Basi mahafali yatakukuta ukiwa na uso wako. Na barakoa uipumzishe, inazidi kuisugua hiyo ngozi."

Siku ya mahafali ilipofika, Mjomba alikuwa ameshabeba masanduku yake na simu ilikuwa mkononi tayari kumwita fundi wa mtaa wa pili. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa. Kifutio alitoka bila barakoa, uso ukiwa bado mwekundu na wenye magamba, akaenda moja kwa moja kwenye kamera. Mjomba akairudisha simu mfukoni.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mwenye suti na maneno mengi. Aliketi kwenye kigoda, akamkazia macho.

"Eh, binti, umeungua na nini?"

 Wanafunzi waliopanga foleni wakanyoosha shingo. Kifutio alihisi joto likimpanda mpaka masikioni, lakini miguu haikukimbia.

"Sikuungua, Mwalimu. Naumwa ngozi, na natibiwa," alisema. "Inua kidevu. Hapo hapo. Usipumue."

Picha ile ilitoka vizuri mno hata mwalimu akaomba nyingine. Foleni ikaendelea. Kufikia adhuhuri hakuna aliyekuwa akiutazama uso wa mpiga picha. Kila mtu alikuwa na kidevu chake cha kuinua.

Matibabu yalikuwa marefu, tena si ya raha. Zilikuwapo wiki za kukata tamaa, na siku za sindano alirudi nyumbani akiwa amevimba kama maandazi. Lakini chunusi zilitulia, weusi ukafifia, na vishimo vikaanza kupungua kina. Siku moja daktari alimtaka amtumie picha tatu kama zile za mwanzo, aone wamefika wapi. Alizituma. Baada ya muda mfupi simu ikaita.

"Kifutio," daktari alisema kwa ukali wa mtu aliyewahi kuumwa na nyoka, "niambie kweli. Picha hizi umezigusa?"

Kifutio alijitazama kwenye kioo cha wateja, palipokuwa na mashavu yaliyo laini kuliko zamani na vishimo vichache vilivyobaki, kila kimoja na kivuli chake. Akacheka.

"Nimegusa taa tu, Daktari. Nimeishusha ubavuni."

Mama yake, aliyekuwa amepita kumletea chakula, aliyasikia hayo kutoka mlangoni. Akatua kikapu chini, akapiga kofi moja la furaha, na safari hii aliisema methali yake bila mzaha wowote, kama hakimu anayesoma hukumu: mficha uchi hazai.