Hina ya Bi Tembo

Hapo zamani za kale, wanangu, na wewe unayemfinya mwenzio mwache kwanza asikie, wanyama wa kike walikuwa na kikundi chao kiitwacho Tushikane. Walisuka ukili na kushona mikeka, na kila mmoja alilisha watoto wake kwa jasho lake.

Mwenyekiti alikuwa Bi Tembo. Ndiye aliyekianzisha, na moyo wake ulikuwa safi, siwezi kumsingizia. Lakini loo! Hakumwachia mtu jambo. Achague rangi yeye, aulize yeye, ajijibu yeye!

Ikafika siku ya harusi ya binti wa Twiga. Twiga alikuwa ameagiza mkeka wa kukalia ukoo mzima, na miguu ya ukoo ule mnaijua. Ulitakiwa alasiri. Asubuhi ile ulikuwa bado nusu, maana kila alichoshona Bi Kima, Bi Tembo alikifumua.

"Hapa umelegeza! Lete nikuoneshe." Akavuta uzi kwa mkonga. Kwacha! Ukili ukakatika.

"Mwenyekiti, hii mara ya tatu," akasema Bi Kima.

"Ndiyo maana nasema niachieni mimi!"

Bi Digidigi, mjane mwenye watoto wawili, akaenda kulia nyuma ya kichaka. Bi Nguchiro, mdogo wa umbo na mwepesi wa akili, akamfuata.

"Mkeka usipofika leo, kikundi kimekufa," Bi Digidigi akamwambia. "Wenzetu wameshasema watatawanyika. Mimi nitarudi kwa shemeji yangu, nile kwa masimango. Sitaki, shoga yangu. Sitaki!"

"Futa machozi. Nenda kashone, mengine niachie."

Bi Nguchiro alikuwa fundi wa kupaka hina. Akakoroga bakuli zima, huyoo mpaka kwa Bi Tembo.

"Mwenyekiti! Utakwenda harusini na miguu hiyo?"

Bi Tembo akaitazama. "Imefanya nini?"

"Mikavu kama ya mchimba kisima! Na wakwe watakuwa wamejipanga wanakutazama wewe."

Bi Tembo alipenda kupendeza, jamani. Akakaa kitako, puu! Bi Nguchiro akampaka miguu yote minne, kisha akamchora maua mpaka ncha ya mkonga.

"Sasa tulia. Ukikanyaga chini, inavurugika. Ukigusa kitu kwa mkonga, inafutika. Na usipige kelele, mkonga utatikisika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikauke."

Wenzake wakarudi kwenye mkeka. Mara Bi Kima akakosea mstari. Bi Tembo akafura.

"Mmmh! Mmmmh!"

"Hina, Mwenyekiti!"

Akanywea. Bi Digidigi, ambaye tangu ajiunge hakuwahi kusema neno kikaoni, akasema kwa sauti ndogo, "Dada Kima, tufumue huo mmoja tu. Halafu tuanzie katikati, wewe uende huku, mimi niende kule."

"Kumbe unajua! Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Ningesema saa ngapi?"

Sindano zikashika kasi, chwi, chwi, chwi! Kila hina ilipoanza kukauka, Bi Nguchiro alikuja na ndimu. Pwichi!

"Bado, Mwenyekiti. Nakutilia ndimu ikolee."

Kabla ya alasiri mkeka ukaisha, mpana, umekaza, rangi zimekaa mahali pake. Hapo ndipo Bi Tembo alipotupa jicho kwenye maganda.

"Ndimu saba? Hina gani inakunywa ndimu saba? We Nguchiro, umenihadaa!"

Wote wakamgeukia Bi Nguchiro.

"Nimekuhadaa, Mwenyekiti," akasema Bi Nguchiro. "Nipige ukitaka. Lakini kwanza utazame mkeka."

Bi Tembo akautazama pindo kwa pindo. Akatafuta pa kufumua, asipaone. Machozi yakamtiririka.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Nilidhani mkiweza bila mimi, mtaniacha."

"Tukuache?" Bi Digidigi akaangua kicheko. "Na mzigo huu abebe nani, mimi na vijiguu hivi?"

Wakacheka wote, hata Bi Tembo. Akainamisha mgongo, wakamtwika mkeka wakaufunga vizuri. Wakashika njia ya kwa Twiga, Bi Digidigi mbele akipiga vigelegele, Bi Tembo nyuma kabisa na miguu yake myekundu. Alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuionja tangu awe mwenyekiti.

Basi, wanangu: kiongozi akijua kukaa, wenzake nao watajua kusimama.