Kikombe cha Fundi Ambakisye

Aulizaye ubao hujibiwa na jana. Watu wa bonde la Mto Mbasika huisema methali hii hata wasiojua ubao wenyewe ni upi. Mtu akinunua ng'ombe kwa kusikia sifa zake tu huambiwa hivyo, na anayeposa kwa picha huambiwa hivyo hivyo. Lakini haikutoka mnadani wala harusini. Ilitoka katika chumba kimoja cha ofisi ya maji pale Itungwa, na aliyewasimulia vijana asili yake alikuwamo chumbani siku ilipoanza.

Vijana wenyewe walikuwa wawili, Ipyana na Lugano, waliotoka chuoni na kuletwa hapo kujifunza kazi. Ukutani mbele ya meza yao pametundikwa kioo kikubwa kinachoitwa ubao. Kinaonyesha vituo saba vya kupimia kina cha mto, kuanzia Kipalala kule milimani hadi kivuko cha Mwalisi. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, simu ya mezani ililia. Ipyana akaipokea, akasikiliza, akatupa jicho ukutani.

"Kipalala sentimita arobaini na nane, mzee. Haya, siku njema." Akaweka simu, akacheka. "Mzee wa kila Alhamisi huyo. Saa nne kamili! Nadhani nyumbani kwake hana redio."

"Labda ameipenda sauti yako," Lugano akasema.

Mama Tusekile, mhudumu wa ofisi, alikuwa akikusanya vikombe vya chai. Alibakiza miezi michache kustaafu, na kwa kawaida hakuingilia mazungumzo ya kazi. Safari hii alisimama, sinia mikononi.

"Umesoma saa?" aliuliza.

"Saa gani, mama?"

"Iliyo pembeni ya namba."

Ipyana akatazama vizuri. Namba ya Kipalala ilikuwa ya kijivu, si ya kijani, na pembeni yake paliandikwa saa kumi na mbili na robo. Kituo hakikuwa kimejibu tangu alfajiri. Fundi alikuwa huko juu akibadilisha betri.

"Aulizaye ubao hujibiwa na jana," Mama Tusekile alisema.

Lugano akageuka. "Hata bibi yangu husema hivyo, mama. Kumbe ubao wenyewe ni huu?"

"Ni huu," akajibu. Akaweka sinia mezani, akaketi kwenye ncha ya kiti kama mgeni, akasimulia.

Kabla ya kioo hiki, hapo ukutani palikuwa na ubao mweusi wa chaki. Walinzi wa vituoni walipiga simu ya upepo na karani akaandika. Kioo kilipokuja kilirithi ukuta, kikarithi na jina.

Ndani ya kompyuta iliwekwa programu ya kusimamia vifaa vyote vya mtoni. Mimi sikusoma kama nyinyi, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelezwa. Programu ile ilikuwa kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio. Kila robo saa iliita: Kipalala! Kifaa cha Kipalala kikaitika, nipo, na maji yangu ni haya. Ikaandika, ikaita kinachofuata. Kifaa kikibadilika chochote, daftari nalo likabadilika bila mkono wa mtu. Wenyewe waliuita mwito.

Tatizo lilikuja mafundi walipokuwa kazini. Kifaa kikizimwa, mwito ukakikosa mara tatu, programu ilikifuta daftarini kana kwamba kimekufa, na kukirudisha ilikuwa kazi ya siku nzima. Basi mafundi walizoea kuufunga mwito kabla ya kupanda mlimani. Ukishafungwa, ubao haukuuliza kifaa chochote. Lakini wala haukuonyesha kwamba hauulizi. Namba za mwisho zilibaki palepale, na rangi ile ile ya kijani.

Ili mtu wa zamu asidanganyike, Fundi Ambakisye alibuni alama. Alikuwa na kikombe cha bati cha bluu, kimebanduka rangi mdomoni. Akifunga mwito alikifudikiza juu ya meza ya zamu, mbele ya simu. Kikombe kikiwa kifudifudi, ubao umelala, na kila anayepiga simu aambiwe angoje, asivuke. Akirudi alifungua mwito, akakigeuza kikombe mwenyewe, akadai chai. Walikuwa wakimtania sana kwa kikombe kile. Lakini waliojua maana yake walikuwa mafundi na watu wa zamu. Mimi nilikuwa na wiki tatu kazini. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mpika chai ana haja ya kujua.

Mmoja wa watu wa zamu aliitwa Nsajigwa. Alikuwa kijana mpole. Wazazi wake walifariki mapema wakamwachia mdogo wake wa kike, Subilaga, naye akamlea mpaka akawa mtu mzima. Kila Alhamisi Subilaga alivuka mto kwa miguu pale Mwalisi, juu ya mawe, kupeleka maziwa ng'ambo. Kabla ya kuingia majini alimpigia kaka yake simu, na maneno yake yalikuwa yale yale siku zote: "Kaka, mto unasemaje?" Maji yakijaa Kipalala huchukua saa mbili kufika Mwalisi, kwa hiyo jibu la Kipalala ndilo lililokuwa uhai wa mtu wa Mwalisi. Wenye safari zao walikaa kwenye ukingo wakimngoja Subilaga apige simu. Walisema kaka yake anauona mto wote akiwa kitini.

Jumatano moja mchana, Fundi Ambakisye alifunga mwito, akafudikiza kikombe chake, akapanda Kipalala kufunga kipimo kipya. Saa tisa wakaja wageni wa ukaguzi. Walikuwa sita, na vikombe vyangu vilikuwa vitano. Mtu wa zamu alikuwa nje akiwatembeza. Nikatafuta kila mahali, nikakiona kile cha bluu, kimefudikizwa peke yake mezani. Nikadhani kimeoshwa kikaachwa kikauke. Nikakisuuza, nikamtilia mgeni chai. Nilifurahi, wanangu. Nilifurahi kwamba sikuiaibisha ofisi mbele za watu. Jioni nikakiosha pamoja na vingine, nikakifungia kabatini. Mtu wa zamu alirudi kuchukua koti lake tu, akaenda nyumbani akijua kikombe kipo.

Ambakisye alimaliza kazi yake vizuri, kisha mvua ikamfungia njia. Kule simu haishiki. Akalala kwa mwenyeji wake bila wasiwasi, naye akijua kikombe kipo.

Asubuhi ya Alhamisi zamu ilikuwa ya Nsajigwa. Hapa Itungwa jua lilikuwa limewaka, nguo zinakauka kambani. Saa nne simu yake ikalia. Aliiweka sauti ya juu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, na mimi nilikuwa hapa hapa nikitia chai.

"Kaka, mto unasemaje?"

"Shikamoo imebaki nyumbani?"

"Shikamoo, kaka. Ni haya madumu, yananielemea."

"Marahaba. Mto umelala. Kipalala sentimita arobaini."

"Mzee Kajuni yupo hapa, anasema maji yamegeuka rangi na yanakuja na majani mabichi. Anataka turudi."

Nsajigwa akaangalia ubao mara ya pili. Mungu ni shahidi yangu, aliangalia mara ya pili. "Mwambie Mzee Kajuni macho yake yanaishia kwenye kona ya mto. Mimi naona mpaka Kipalala."

Tukamsikia Subilaga akicheka. "Umesikia, mzee? Kaka ameona mpaka Kipalala! Haya kaka, naingia. Nikifika ng'ambo nitakupigia."

Nsajigwa akanywa chai yake. Akangoja. Ilipofika saa tano akapiga yeye, simu haikuita. Akapiga tena. Saa tano na nusu akapigiwa na Mzee Kajuni.

Sikusikia alichoambiwa. Nilimwona tu akisimama. Alikwenda mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya kioo kama mtu anayempima mtoto homa. Ubao wote ulikuwa wa kijani. Hata honi ya tahadhari ya kivukoni haikuwa imelia, maana hiyo hulia kwa amri ya ubao, na ubao haukuwa na habari.

"Lakini unasema arobaini," alisema. Akanigeukia mimi, mpika chai. "Mama, si unaona? Unasema arobaini."

Nikamwambia naona. Ningesema nini?

Ijumaa Ambakisye alishuka kwa miguu, matope mpaka magotini. Hakuwa na habari. Macho yake yakaenda kwanza mezani, mbele ya simu, akauliza, "Kikombe changu kiko wapi?" Watu wa zamu wote wakageuka kutazama mahali pake. Ndipo nilipojua.

Akafungua mwito. Kipimo kipya kilikuwa kizima kabisa. Kilikuwa kimepima kila robo saa na kuweka kumbukumbu zake, kikingoja kuitwa. Ubao ukazisoma zote kwa mpigo. Alhamisi alfajiri, mita moja. Saa moja, mita moja na nusu. Saa mbili, mita mbili na robo. Kilijua yote, wanangu. Hakuna aliyekiuliza.

Subilaga alipatikana Jumamosi, mbali huko chini. Dumu moja lilikuwa bado limefungwa mgongoni.

Msibani Nsajigwa alikaa mkekani, hali wala hazungumzi. Siku ya pili Mzee Kajuni alikwenda akaketi karibu naye.

"Mwanangu, sikuja kukuhukumu," alisema. "Mimi mzee, nataka kuelewa tu nisije nikafa na swali. Siku ile ulimuuliza nani?"

"Niliuliza ubao, baba."

"Ukakujibu?"

"Ukanijibu."

"Hapana. Mto ulikuwa umekwisha kujaa huko juu. Ungekujibu mto, ungekwambia. Nani alikujibu?"

Nsajigwa akaukunja ukingo wa mkeka, akaukunjua. Kisha akasema, "Jana. Niliuliza ubao, baba, nikajibiwa na jana."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini palikuwa na watu wengi. Maneno ya msibani hutembea. Kufika mavuno nilikuwa nimekwisha kuyasikia sokoni, kwa watu ambao hawakumjua Subilaga.

Baada ya matanga Nsajigwa hakurudi kazini; nilimwendea kwake nikamwambia habari za kikombe. Nilitaka anitukane. Nilijiandaa kabisa. Akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Huyo mgeni, chai aliipenda?"

Programu ilibadilishwa. Siku hizi hakuna mtu anayeweza kuufunga mwito. Kifaa kikizimwa kwa kazi, daftari hukingoja. Kipya kikiwashwa, hujitambulisha chenyewe. Kila namba ina saa yake pembeni, na ikikosa jibu hugeuka kijivu. Mwaka wa pili wakajenga daraja pale Mwalisi. Vyote vilikuja. Hakuna kilichowahi.

Hapo Mama Tusekile alimaliza. Lugano alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati. Ipyana hakuwa ameondoa macho kwenye ile namba ya kijivu.

"Na huyu mzee wa Alhamisi..." akaanza.

"Wala si mzee," Mama Tusekile akasema. "Sauti ndiyo iliyozeeka."

Ipyana akaugeukia ubao. Akaiweka simu karibu, akangoja. Kwenye saa tano kasoro, kituo cha Kipalala kiliitika. Namba ikarudi kuwa ya kijani, sentimita hamsini na mbili, na pembeni yake saa ya wakati ule ule. Akatafuta namba iliyopiga, akaipiga.

"Shikamoo, baba. Ni Ipyana, wa ofisi ya maji. Asubuhi nilikupa namba ya alfajiri. Naomba unisamehe. Kipalala kimejibu sasa hivi, ni hamsini na mbili. Mto ni salama."

"Kimejibu chenyewe?" sauti ya upande wa pili ikauliza.

"Chenyewe, baba. Nimekingoja."

"Ahsante, mwanangu," sauti ikasema. "Basi mwambie avuke."

Simu ikakatika. Ipyana alibaki ameishika sikioni. Mama Tusekile hakuuliza alichoambiwa. Aliinuka polepole, akachukua sinia lake, akavihesabu vikombe kimoja kimoja kama afanyavyo kila siku kabla ya kutoka. Mlangoni alisimama, amewapa mgongo.

"Aulizaye ubao," alisema.

Nao wakamjibu kwa sauti ya chini, "Hujibiwa na jana."