Jembe la Nakijwa

Hapo zamani, kabla majembe hayajaanza kuuzwa dukani, palikuwa na mhunzi milimani, jina lake Mshana. Huyu hakumfulia kijana jembe lake la kwanza mpaka amwulize mbele ya watu: "Jembe hili litaacha nini duniani?" Ukijibu, anakufulia jembe la kazi hiyo. Na neno ulilolisema ni lako. Hakuna mwingine wa kulitimiza maadamu wewe unapumua. Ndiyo ilikuwa desturi, na mtu asiniulize kwa nini.

Siku moja walikwenda kwake ndugu wawili, Nakijwa na mdogo wake Namkunda. Nakijwa alijibu bila kupepesa. "Litaleta maji Kwesasu." Watu wakacheka, maana Kwesasu ni upande mkavu wa mlima, hata mbuzi wa huko hunywa kwa zamu. Mshana hakucheka. Akamfulia jembe jembamba, zito, la kukatia mfereji. Namkunda alipoulizwa, alisema hajui, afuliwe tu. Akafuliwa jembe la kawaida, naye pia akachekwa.

Nakijwa akaupanda mlima na kuushuka, akapigilia vigingi kutoka chemchemi mpaka Kwesasu, kila kigingi pale maji yatakapopita. Vigingi tu. Kuchimba, akasema, mwakani.

Mwakani baba yake akaugua. Jembe la mfereji likapalilia migomba ya baba. Kisha akaolewa na Mbonea, na Mbonea akasema, "Kwanza nyumba, mke wangu. Maji hayakimbii." Jembe likachimba msingi. Wakaja watoto, likalima mahindi. Wakaja mawifi na mashamba yao. Kila mara Nakijwa alisema, "Haya, mwakani." Hakuna aliyemnyang'anya lile jembe. Sikieni vizuri hapo: hakuna aliyemnyang'anya. Likaliwa na udongo wa watu wengine mpaka likabaki dogo kama mwiko.

Namkunda aliolewa huko huko Kwesasu. Kila kiangazi alipanda kuteka maji, na akipita kwa dada yake alimwuliza, lini? Mwakani. Lini, dada? Mwakani. Ikafika siku akapita asiulize. Akaanza kuchimba na jembe lake lile la kawaida, akivifuata vigingi, kipande kwa kipande, mpaka akaota mvi. Mwisho wa mfereji akajenga ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji, akaliziba tundu lake kwa mti.

Na hapo palikuwa na desturi nyingine. Atakayeung'oa mti ule mara ya kwanza, mfereji huitwa kwa jina lake. Jina hilo hutajwa kila asubuhi watu wanapogawana maji, hata mwenyewe awe amekwisha kuzikwa.

Siku ya kuung'oa, watu wakakusanyika. Nakijwa akaja na kijembe chake mkononi.

"Neno ni langu," alisema. "Nilikuwa msichana, nikayaona maji hapa ninyi mlipoona mawe. Namkunda, umelichukua neno langu nami bado napumua. Na mimi sikutaka kingine chochote maishani."

Namkunda hakumtazama. "Dada, nilikuuliza mpaka nikaona haya. Ungesema hapana, ningekwenda zangu. Ulisema mwakani. Kweli, mimi sikuwa na neno. Nilikuwa na kiu. Itazame mikono yangu."

Mbonea akasogea mbele. Mama mmoja akamtania, "Leo nyumba imekwisha, shemeji?" Watu wakacheka. Yeye akangoja wanyamaze.

"Kigingi cha mti huoza," alisema. "Vigingi alivyovifuata Namkunda sivyo vile alivyovipigilia mke wangu. Kila masika yakiisha nilikuja huku, nikang'oa kilichooza, nikapigilia kipya katika shimo lile lile. Mimi ndiye niliyesema kwanza nyumba. Nilijua nimekosa, nikashindwa kulitamka. Lakini bila mimi njia hii ingepotea, na leo msingekuwa na maji ya kugombania."

Nakijwa akamgeukia. Miaka yote ile hakujua.

"Ungeniambia, baba watoto," alisema polepole. "Ungeniambia mara moja tu, ningelichukua jembe siku hiyo hiyo."



Wakamtazama Mshana, aliyekuwa mkongwe sasa. Akakipokea kile kijembe, akakigeuza huku na huku, akasema kufua anakujua, kuamua hili hakujui. Wakati huo maji yalikuwa yakipanda. Ukingo wa ndiva ni udongo. Yakifurika, ndiva lote huchukuliwa, na jasho la Namkunda pamoja nalo.

Msinitazame mimi. Aliyeona hakuchimba, aliyechimba hakuona, na aliyeilinda njia ndiye aliyeizuia safari. Maji yamefika ukingoni, na asiniambie mtu kwamba atanijibu mwakani. Je, nani alistahili kuung'oa mti ule?