Kete ya Kwanza ya Digidigi

Ulikuwapo mwaka ambao mawingu yalipita juu ya nyika kama wageni wenye haraka: hayakuketi, hayakuacha hata tone. Visima vikakauka kimoja kimoja, likabaki dimbwi la Simba peke yake. Basi Simba, ambaye hata akipiga chafya alitaka apigiwe makofi, akatoa tangazo.

"Maji hayawatoshi nyote. Mtacheza mchezo wangu wa kete. Mshindi atalimiliki dimbwi mpaka mvua inyeshe. Mshindwa ahame na jamaa zake!"

Waliojitokeza ni wawili tu. Fisi alikuja kwa sababu ya tumbo lake. Bi Digidigi, swala mdogo asiyefika hata magoti ya pundamilia, alikuja kwa sababu mumewe alikuwa amelala kivulini, midomo imempasuka, na asingeweza kwenda hata hatua kumi kutafuta maji kwingine.

Simba akachora mistari ardhini kwa ukucha, ya kwenda na ya kukatiza. Kila mchezaji huweka kete moja kwa zamu pale mistari inapokutana. Kete ikizingirwa pande zote huondolewa, na anayezungushia uwanja mkubwa zaidi ndiye mshindi.

Digidigi hakuwahi kushika kete maishani. Akamkimbilia Sungura, bingwa wa kila kitu kwa maneno yake mwenyewe.

"Mwalimu, nifundishe kuanza tu. Mengine nitayajua mbele ya safari."

"Anza katikati, mama," Sungura akasema huku akisafisha masikio. "Katikati ndiko wakaako wafalme. Pembeni waachie maskini."

Asichomwambia ni kwamba asubuhi ile ile Fisi alikuwa amemwahidi nusu ya dimbwi.

Digidigi akarudi nyumbani akinong'ona, "Katikati, katikati." Njiani akapitia mipaka yake. Wanyama wenzake humcheka kwa desturi hiyo, maana yeye huweka mipaka ya makazi kwa malundo ya kinyesi chake, na kila siku lazima ayakague. Akafika kwenye lundo la pembeni, pale mwamba unapokutana na korongo, akasimama ghafla.

"Ngoja kwanza! Hapa mwamba unaziba huku, korongo linaziba kule, na lundo moja limenitosha. Kule katikati ya uwanda, ili nipate eneo kama hili, ningejisaidia mara ngapi?"

Akapiga hesabu, kwato za kuhesabia zikamwishia. Kisha hasira zikampanda.

"Sungura wewe! Umeniona mjinga!"

Siku ya mchezo, Digidigi akaweka kete ya kwanza karibu na kona, pale kingo za uwanja zilipomzibia pande mbili kama mwamba na korongo. Fisi akacheka hadi udenda ukamtoka. Yeye alikuja kula kete. Kuzungushia uwanja aliona ni kazi ya vibarua. Digidigi akashika kona ya pili, kisha ya tatu. Halafu akaweka kete moja katikati, peke yake.

Fisi akairukia. Akaweka kete yake huku, akaweka huku, akaweka na kule. Kila alipoongeza moja kuifukuza ile kete ya katikati, Digidigi aliongeza yake ukingoni, akiunganisha kona na kona. Mwishowe Fisi akaila, akajilamba midomo.

"Hongera," Simba akasema. "Umekula kete moja. Mwenzako amekula uwanja."

"Haiwezekani!" Fisi akafoka. "Sungura alisema atamfundisha kuanza katikati!"

Wote wakageuka. Sungura akayatazama mawingu yasiyokuwapo.

"Mmeuza mchezo *wangu*?" Simba akanguruma. Fisi hakungoja kusikia zaidi, akatimua mbio na ukoo wake nyuma yake. Sungura naye akatokomea vichakani.

Jioni hiyo mume wa Digidigi alikunywa mpaka akaweza kusimama, na mkewe akalia kwa furaha bila kuona haya.

Siku ya tatu Sungura akajikokota mpaka dimbwini, ulimi nje.

"Mama, nionee huruma. Tone moja tu."

"Karibu sana, mwalimu. Kunywa utakavyo," Digidigi akajibu kwa upole. "Ila anza katikati, wakaako wafalme."

Sungura akatazama katikati, ambako matope yalikuwa yamemmeza nyati mzima wiki iliyopita. Akatazama ukingoni penye mchanga mgumu. Masikio yakamlala.

"Naomba nianzie pembeni, mama," akasema.