Sultani Aliyemfundisha Kazi Mwinda Mazimwi

Haya, nimeshika kalamu, msinisumbue tena. Kila mkiniona ni "bibi, tuandikie cha mazimwi," kana kwamba sina mchele wa kuchagua. Someni basi, na atakayeniuliza maswali katikati akaandike chake.

Katika mji wa Barawazi alitawala Sultani Fumo Shahari, mwenye majumba na bustani na ndevu za hina, na akili alijaaliwa za kutosha, ila alizikabidhi kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa cha hekaya fupi fupi za Kahari, mwinda mazimwi wa nchi za theluji, na kilikuwa kimefasiriwa kutoka lugha ya Kirumi kwa Kiswahili kitamu hata ungedhani huyo Kahari kazaliwa nyuma ya msikiti wetu. Sultani akakisoma akila, na akakisoma akinyolewa, na mashauri ya raia yakangoja, na kila zimwi lilipokufa kitabuni alijipiga paja akasema, "Ewallah!" Mtu mzima huyo.

Basi zimwi la kweli likaingia katika kisima cha mji, na kisima kingine hakikuwapo, na kila aliyeteremsha ndoo alivuta kamba tupu, hata watoto wakaanza kulamba umande. Ndipo Mwana Sauda, binti wa Sultani, akatuma watu bara wakamlete Shekue, kijana aliyerithi kwa babake kazi ya kuwinda mazimwi. Na Sultani akaahidi hadharani kwamba zimwi likitoka, atamwoza binti yake.

Shekue akaja kwa miguu, makubadhi yamekatika, mkononi ana chetezo cha udi na panga lililoviringishwa kitambaa. Sultani akamtazama juu hadi chini.

"Farasi wako yuko wapi?"

"Sina, Maulana. Kisimani haingii farasi."

"Kahari anaye, mwekundu. Na shairi la kulitisha zimwi?"

"Maulana, mimi hulifukizia udi likalala, ndipo nikashuka. Na mpaka niwe nimemaliza, mtu asifungue kinywa. Hata kukohoa."

"Kulipiga likiwa limelala! Kahari hafanyi uhuni huo!"

"Na huyo Kahari, Maulana, katika mji huu ameua mangapi?"

Mwana Sauda akaficha kicheko ndani ya ushungi.

Shekue akafukiza, na moshi ukateremka, na zimwi likakoroma hata mawe ya ukingo yakatetemeka, naye akaanza kushuka kwa kamba, panga kalibana kwa meno, na mji mzima umejiziba midomo kwa viganja. Na Sultani je? Kasimama ukingoni, kitabu kwapani, midomo inamcheza. Hakuweza kujizuia. Akapaza sauti kama Kahari: "Ewe zimwi la shimoni, mauti yako yamefika, na kabla jua halijatua..."

Zimwi likafumbua macho. Mkono ukatoka, mrefu kama mnazi, ukampita Shekue kambani, ukamkamata Sultani kiunoni na kumning'iniza juu ya kisima.

"Kabla jua halijatua," likasema zimwi, "kisha?"

"Ki... kisha nini?"

"Kisha ikawaje, mpumbavu wewe! Umenikatia usingizi, hutanikatia na kisa!"

Wanaume wote wameshakimbia. Mwana Sauda akasogea, akasema, "Ewe bwana mkubwa, tuachie maji yetu, na huyo aliye kambani umwache apande, nawe uhamie pango la jabalini. Baba atakuja kukusomea kitabu kizima."

"Na kikiisha?"

"Ataanza upya."

"Mwanangu!" akalia Sultani.

"Nyamaza, baba. Ungenyamaza tangu mwanzo, nisingekuwa na la kusema."

Zimwi likaridhia, likatoka, Sultani angali mkononi mwake, na maji yakapanda mpaka ukingoni. Sultani akajaribu kukataa ndoa, eti zimwi halikuuawa. Likamkaza kiuno kidogo, akakumbuka ahadi. Basi Shekue akamwoa Mwana Sauda, wakatajirika, na mashauri ya raia yakasikilizwa. Na nyinyi mnaosoma, mwenye kazi yake mwacheni aifanye.

Sultani akawa anapanda jabali kila alasiri na kitabu chake. Lakini zimwi halikuupenda mwisho wa hata hekaya moja. "Kila mara nife mimi? Geuza!" Basi akageuza. Kwa kinywa chake mwenyewe akamuua Kahari, na kesho yake akamuua tena, na yule farasi mwekundu akaliwa. Na kila Kahari alipokata roho, zimwi lilimtaka Sultani ajipige paja, tena kwa nguvu, aseme, "Ewallah!"